"Ndio Mzee": Joseph Haule na historia ya kiitikio chetu

Wimbo wa "Ndio Mzee" umedumu kuliko wabunge wengi waliokuwa madarakani ulipotoka. Joseph Haule, anayejulikana zaidi kwa jina la Profesa Jay, aliutoa katika albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, ukiwa umetengenezwa na P-Funk Majani katika studio ya Bongo Records. Maneno yenyewe yalikuwapo katika Kiswahili chetu muda mrefu kabla yake. Karani aliyatumia mbele ya mkuu wake, mwanakijiji mbele ya katibu tarafa, mwanafunzi mbele ya mwalimu. Haule aliyachukua kutoka huko, akayawekea mdundo, na tangu hapo hatuwezi kuyatamka bila kujisikia tukicheka kidogo.

Tunachocheka ni nini hasa? Kwa zaidi ya miongo miwili tumeusoma wimbo huu kama dhihaka dhidi ya wanasiasa waongo, na usomaji huo si wa makosa. Hata hivyo, ninaona kuwa haujakamilika. Mwanasiasa mwongo hakuwa habari mpya mwaka 2001, na hahitaji wimbo ili atambulike. Katika makala haya nataka kutetea hoja kwamba mhusika mkuu wa "Ndio Mzee" si mgombea bali ni umati unaomwitikia. Nataka pia kuonyesha kwamba maisha ya Haule mwenyewe, studioni, bungeni na hospitalini, yameijaribu hoja hiyo kuliko uchambuzi wowote ambao sisi wa vyuoni tungeweza kuuandika.

Muundo wa wimbo unajulikana. Msanii anajivika nafsi ya mgombea aliyesimama jukwaani. Anaahidi jambo, umati unaitikia. Anaahidi jambo kubwa zaidi, umati unaitikia vilevile. Ahadi zinapanda ngazi hadi zinaiacha dunia na kufika mwezini, lakini sauti ya kuitikia haibadiliki hata kidogo. Ucheshi wa wimbo unatokana na hapo. Tungetarajia kwamba kadiri ahadi inavyozidi kuwa ya ajabu, ndivyo mtu mmoja katika umati atakavyokohoa, atakavyoguna, au atakavyouliza fedha zitatoka wapi. Hakuna anayeuliza. Mgombea anadanganya, naam. Lakini anadanganya mbele ya watu ambao tayari wamekwisha kuitikia kabla hajamaliza sentensi.

Kiitikio kilitoka wapi

Utaratibu wa mmoja kutoa na wengi kupokea ni wa kale katika sanaa zetu. Uko katika ngoma, katika nyimbo za kazi, katika ngano zinazosimuliwa jioni. Katika ngoma, hata hivyo, mpokezi ana uwezo: asipopokea, ngoma inakufa, na mwimbaji asiyefaa huondolewa uwanjani kwa ukimya. Siasa ya ukombozi iliuchukua utaratibu huu na kuutumia vyema. Mikutano ya TANU ilijaa viitikio, na vilikuwa viitikio vya watu waliojua wanachokidai.

Mambo yalibadilika taratibu baada ya Uhuru. Mwaka 1965 nchi ikawa rasmi ya chama kimoja. Bendi nyingi za dansi zikawa chini ya taasisi za umma: NUTA Jazz ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana wa chama, Polisi Jazz, Kimulimuli ya JKT. Sisemi kwamba wanamuziki hao walikuwa vibaraka. Walitunga nyimbo ambazo bado tunazipenda, na baadhi yao, kama Remmy Ongala na Super Matimila katika miaka ya baadaye, walimtetea mnyonge bila kuficha. Ninachosema ni kwamba kituo cha redio kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha Serikali. Wimbo ambao haukupendeza haukuhitaji kupigwa marufuku mahakamani. Ulitosha kutopigwa hewani.

Hata kuondoka kwa chama kimoja kulikuwa na sura ya kiitikio. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikusanya maoni nchi nzima na kukuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, uongozi ukaafiki, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza kisheria. Ninaamini tume ilipendekeza sawasawa. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba ruhusa ya kusema "siyo" tulipewa kutoka juu, na wengi wetu tuliipokea kwa namna ileile tuliyozoea kupokea mengine.

Vijana wenye maneno mengi

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Kabla ya hapo vijana wa mijini walikuwa wakisikiliza kaseti za Marekani na kuiga. Saleh Jabri alipoweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, wengi walidhani ni mzaha utakaopita. Kwanza Unit wakafuata mwaka 1993. Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II na baadaye Sugu, akatoa kaseti baada ya kaseti na kuthibitisha kwamba Kiswahili kinatosha peke yake.

Haule, aliyezaliwa mwaka 1975, aliingia katika kundi la Hard Blasters katikati ya muongo huo. Albamu yao ya Funga Kazi ya mwaka 2000, iliyobeba wimbo wa "Chemsha Bongo", ni ya lazima kwa yeyote anayetaka kuielewa historia hii. Kabla yake, wazazi wengi waliuona muziki huu kuwa uhuni wa watoto wanaovaa suruali kubwa kuliko viuno vyao. Haule alichangia sana kubadili fikra hiyo, kwa sababu alikuwa msimulizi. Nyimbo zake zina mwanzo, kati na mwisho. Zina wahusika wanaozungumza kila mmoja kwa lafudhi yake. Zina mafunzo bila kuhubiri. Mzee aliyekulia katika hadithi na mashairi ya magazetini alikuta ndani yake kitu anachokifahamu. Sisi wa vyuoni hupewa uprofesa na kamati baada ya kupima machapisho. Haule alijiita mwenyewe, kisha wasikilizaji wakakaa kama kamati na kuridhia.

Mwaka ambao wimbo ulizaliwa

Ili tuuelewe wimbo wenyewe, tuurejeshe katika mwaka wake. Uchaguzi Mkuu ulikuwa umefanyika Oktoba 2000. Mwaka huohuo Bunge lilikuwa limeirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu kile kilichoitwa "takrima": mgombea aliruhusiwa kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kana kwamba ni wageni waliofika kwake. Neno zuri la Kiswahili, lenye adabu zote za pwani ndani yake, liliazimwa ili kuvisha nguo kitu ambacho wananchi walikuwa na jina jingine kwa ajili yake. Ilichukua hadi Aprili 2006 kwa Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi za LEAT na NOLA, kutamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo, mgombea wa Haule hakuwa katuni tu. Alikuwa anatembea katika nchi ambayo sheria yake ilikuwa imemruhusu mgombea kulisha na kunywesha kabla ya kuomba kura. Tena, wakati mahakama ilihitaji miaka sita kulisema jambo hilo kwa lugha ya sheria, wimbo ulilikaribia ndani ya mwaka mmoja kwa lugha ya mtaani.

Kuna jambo la pili, ambalo watumishi wa umma wanaonisoma wanalijua vizuri. Mgombea ubunge anayeahidi barabara, dawa na maji anaahidi vitu ambavyo mbunge hana mamlaka ya kuvitoa. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 99 inalizuia kushughulikia jambo la kutoza kodi au la kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pale Rais atakapokuwa amependekeza kupitia kwa waziri. Mbunge anaweza kuuliza, kudai, kubana na kupinga. Hawezi kujenga hospitali. Ahadi ya mgombea wa kawaida na ahadi ya kwenda mwezini zinatofautiana kwa umbali tu. Kisheria, zote mbili zimo nje ya uwezo wake. Umati unaoitikia "ndio" haujadanganywa kuhusu tabia ya mtu huyo peke yake. Umedanganywa kuhusu kazi yenyewe.

Miaka miwili baadaye, katika albamu ya Mapinduzi Halisi ya mwaka 2003, Haule alitoa "Siyo Mzee". Sasa umati umeamka na unakataa. Wapo waliouona wimbo huo kuwa ukamilisho wa ule wa kwanza: wananchi wamejifunza, hadithi imekwisha. Mimi nauona kuwa na huzuni zaidi ya ule wa kwanza. "Siyo" nayo ni kiitikio. Anayesema "siyo" bado anasubiri mzee aseme kwanza ili apate cha kukataa. Nafasi ambayo haina mtu katika nyimbo zote mbili ni ile ya mwananchi anayeanza yeye kuuliza, na mzee ndiye awe wa kuitikia.

Mgombea wa kweli

Wanamuziki waliofika bungeni kabla ya Haule walikuwa wa aina mbili. Kapteni John Komba wa Tanzania One Theatre, aliyekuwa mbunge wa Mbinga Magharibi kwa tiketi ya CCM kuanzia mwaka 2005 hadi kifo chake Februari 2015, alikuwa bingwa wa kukiimbia chama chake, na nyimbo za maombolezo ya Mwalimu Nyerere za mwaka 1999 zitamfanya akumbukwe na hata waliompinga. Sugu, kwa upande wake, alishinda Mbeya Mjini kupitia CHADEMA mwaka 2010 kwa nguvu za vijana waliokua na kaseti zake.

Mwaka 2015 Haule akagombea Mikumi, wilayani Kilosa, kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Ni jimbo lenye hifadhi ya taifa, barabara kuu ya kwenda Zambia, mashamba ya miwa, na wilaya inayofahamika kwa migogoro ya muda mrefu ya wakulima na wafugaji. Mtu aliyemwigiza mgombea sasa alikuwa jukwaani kwa jina lake mwenyewe, mbele ya umati wa kweli, tena katika kampeni ambayo muungano wa upinzani ulimsimamisha Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyejiuzulu mwaka 2008 kwa sakata la Richmond na kukihama CCM miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Waliokuwa wameshangilia "Siyo Mzee" waliombwa waseme "ndiyo" kwa mmoja wa wazee waliokuwa wamekataliwa. Wapo waliofanya hivyo kwa hesabu za kisiasa zinazoeleweka. Lakini historia haina budi kuandika kwamba upinzani nao una kiitikio chake.

Kipindi chake cha ubunge kilikuwa kigumu kwa mtu ambaye silaha yake ni sauti. Januari 2016, wiki chache tu baada ya Bunge jipya kuanza, Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao moja kwa moja, sababu ikitajwa kuwa gharama. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, wabunge wakiachiwa kufanya mikutano katika majimbo yao tu. Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatamka mkutanoni dhidi ya Rais, akatoka gerezani Mei. Fikirini: watu wawili waliosikika nchi nzima walipokuwa hawana cheo, walipopata cheo mmoja alifungwa kwa maneno yake, na mwingine akawa anasema ndani ya ukumbi ambao mwananchi wa Ruaha au Kidodi hawezi kuutazama. Kazi ya mbunge niliyoieleza hapo juu ni kuuliza na kubana. Swali lisilosikika na aliyekutuma limepoteza nusu ya nguvu zake.

Na jimboni je? Kila aliyewahi kukaa karibu na mbunge, wa chama chochote, anaijua foleni ya mlangoni: ada ya mtoto, nauli ya mgonjwa, jeneza, jezi za timu, mchango wa harusi. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Mikumi ilikuwa tofauti na kwingine. Foleni hiyo si ya watu wavivu. Ni ya watu waliofundishwa kwa vitendo, na takrima ikiwa somo mojawapo, kwamba serikali ni mtu, na mtu huyo ana mfuko. Msanii anaweza kuucheka mfumo huo kwa dakika nne. Mbunge huamka ndani yake kila asubuhi.

Oktoba 2020 Haule na Sugu wote walipoteza viti vyao. CHADEMA ilibaki na kiti kimoja tu cha jimbo nchi nzima, ikayakataa matokeo. Bunge jipya halikukosa mwanahiphop: Hamis Mwinjuma, Mwana FA, aliingia kupitia CCM kutoka Muheza, na mwaka 2023 akawa Naibu Waziri. Vijana waliokuwa wakitazamwa kama wahuni sasa walikuwa na nafasi pande zote za ukumbi. Ni ushindi wa muziki huu, bila shaka. Kama ni ushindi pia wa swali ambalo muziki huu ulianza nalo, hilo ni jambo jingine.

Kitanda cha Muhimbili

Mwanzoni mwa mwaka 2022 Haule aliugua sana. Alilazwa Muhimbili, akakaa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa siku 127, figo zake zikiwa zimeshambuliwa. Wasanii, wanachama wenzake na wananchi wa kawaida walichanga. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza Serikali igharamie matibabu yake. Tulishukuru wote, nami nilishukuru, na hakuna neno katika makala haya linalopunguza shukrani hiyo. Serikali kumhudumia mpinzani bila kuuliza kadi yake ya chama ni jambo la kistaarabu, na baada ya miaka tuliyotoka lilituliza mioyo.

Lakini mwanahistoria hulazimika kutazama pia kitanda cha jirani. Wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu hospitalini mwaka 1993. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, mwaka uleule wa "Ndio Mzee", ukiwahudumia kwanza watumishi wa umma. Zaidi ya miaka 20 baadaye, walio wengi nchini walikuwa bado hawana bima yoyote, na kusafishwa damu kwa mashine ni huduma inayoweza kuimaliza familia ya kipato cha kati ndani ya miezi michache. Mgonjwa wa figo asiyeimba hana Rais wa kumtaja jina. Ana ndugu, ana kikundi cha WhatsApp cha michango, ana shamba la kuuza.

Hapa ndipo ninapouona wimbo wa mwaka 2001 ukimrudia mtunzi wake kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Tatizo la "ndiyo mzee" halikuwa adabu. Adabu kwa wakubwa ni sehemu ya utu wetu, na sitaki nchi ambayo watoto hawaamkii. Tatizo ni kwamba kiitikio hicho hugeuza haki kuwa hisani. Kisima kikichimbwa, tunamshukuru mheshimiwa. Dawa zikifika, tunamshukuru mheshimiwa. Na mtu akishashukuru, hawezi tena kudai, maana nani humdai mfadhili wake?

Haule alipopata nafuu alitoa wimbo wa "Siku 462", unaozihesabu siku za ugonjwa wake, na akaanzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sidai kwamba ugonjwa wa mtu mmoja ulizaa sheria. Mjadala wake ulikuwa wa miaka mingi. Nadai tu kwamba mambo haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Taasisi ya hisani, hata ikiwa njema namna gani, huwafikia wanaoweza kufikiwa. Sheria, ikitekelezwa na kugharamiwa, humfikia asiyemjua mtu yeyote.

Kwa wanafunzi wanaoniandikia kuomba mada za tasnifu, hii ni moja: acheni kuhesabu ahadi za wanasiasa, hesabuni maswali ya wananchi. Nendeni kwenye mikutano ya vijiji, mkaandike ni mara ngapi mtu alisimama akauliza bajeti ya zahanati yake, na alijibiwa nini. Kwa wanaharakati: "siyo" ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi kuwa sera. Kwa watumishi wa umma, ambao bima yenu imetimiza umri wa wimbo huu, mnajua zaidi ya yeyote kati yetu ni kanuni ipi inayosubiri kusainiwa, ni fedha ipi haijatoka, na ni taarifa gani imefungiwa kabatini. Mkubwa atawaita ofisini na kuwaambia kwamba kila kitu kiko tayari. Historia ya wimbo mmoja inawaomba mtulie kidogo kabla hamjaitikia, kisha mmuulize, kwa adabu zote, fedha zitatoka wapi.